Barua ya Wazi kwa Bodi ya Uchaguzi ya Chama Chetu Kuhusu Mchujo na Vijana Wanaodaiwa Hawajitokezi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Taifa ya Uchaguzi ya Chama Chetu,
Nairobi.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: UCHUNGUZI WA UMAARUFU ULIOFANYWA KATIKA ENEO BUNGE LETU NA NAFASI YA VIJANA KATIKA MCHUJO WA 2027

Nakuandikia kwa heshima nikiwa mwanachama aliyesajiliwa, mwenye umri wa miaka 24, na mpiga kura katika mojawapo ya wadi za Kaunti ya Kilifi. Jina la chama sikulitaja kwa makusudi, kwa kuwa wanachama wa vyama vingine nao wanayajua haya ninayoyalalamikia, na kwa kuwa bado nakitakia chama chetu mema.

Hii si barua ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa na sahihi za vijana 41, niliipeleka mwenyewe katika ofisi ya kaunti, ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa katika daftari na karani aliyenitaka nisubiri wiki mbili. Niliporudi baada ya wiki sita, daftari lilikuwapo ila barua haikuonekana. Ya pili niliituma kwa barua pepe, na papo hapo nikapata jibu la kompyuta likinishukuru kwa kukiunga chama mkono. Ya tatu nilimkabidhi mkononi mratibu wetu wa eneo bunge, mzee ninayemheshimu sana, naye akaisoma ukurasa wa kwanza, akaikunja na kuniambia, "Mwanangu, mambo haya yana wenyewe." Ndiyo sababu leo naandika hadharani: ikiwa chama kina wenyewe, nadhani nami ni mmoja wao.

Kwa wasomaji wasioijua hali yetu, niseme kwamba eneo bunge letu ni ngome. Anayepata tiketi ya chama mwezi wa Aprili huwa amekwisha kushinda, na uchaguzi wa Agosti unabaki kuwa wa kumthibitisha tu. Kwa hiyo anayezuiliwa kupiga kura ya mchujo amezuiliwa kumchagua mbunge wake, hata kama Agosti atapewa karatasi sita na kalamu. Sasa tumeelezwa na maafisa wa chama kwamba tiketi ya 2027 huenda ikatolewa moja kwa moja kwa kufuata uchunguzi wa umaarufu uliofanywa kwa simu. Wenzetu wa Tanzania wanaposema "kura za maoni" ndani ya chama huwa na maana ya mchujo wenyewe, ambapo mwanachama hupiga kura. Huku kwetu kura za maoni ni utafiti wa kampuni. Inaelekea chama chetu kimeamua kwamba tofauti hiyo haina uzito.

Katika mkutano wa wadi tulipouliza kwa nini mwaniaji anayependwa na vijana hakuonekana kabisa katika matokeo yaliyosomwa, tulijibiwa kwamba vijana wanapenda lakini hawapigi kura, na hivyo maoni yao "yamepunguzwa ili yalingane na hali halisi". Malalamiko yetu yanatokana na sentensi hiyo moja, nami nayaeleza kama ifuatavyo.

1. Swali lililomtoa ndugu yangu.

Jioni moja mwezi uliopita tulikuwa kibarazani tukimsaidia mama kuandaa bhajia za biashara, simu ya mdogo wangu ikalia. Aliiweka kwenye spika kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa unga wa dengu. Binti mwenye adabu alijitambulisha, akamuuliza umri, naye akasema miaka 19. Akamuuliza wadi, akaitaja. Kisha akamuuliza kama alipiga kura katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022. Akasema hapana. "Asante kwa muda wako, uwe na jioni njema." Simu ilikatika kabla hajapata kitambaa cha kujifuta mikono, akabaki akituuliza amekosea wapi.

Hakukosea popote. Agosti 2022 alikuwa na miaka 15 na alikuwa akivaa sare ya shule. Mheshimiwa, kila Mkenya atakayekuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 22 siku ya uchaguzi, tarehe 10 Agosti 2027, alikuwa hajatimiza miaka 18 tarehe 9 Agosti 2022. Uchunguzi unaomtoa yeyote ambaye hakupiga kura mara iliyopita hauwezi kumsikia hata mmoja wao. Si kwamba umepunguza uzito wa maoni yao, haukuyachukua kamwe.

Sikatai kwamba mtafiti ana haki ya kutaka kujua nani atafika kituoni, maana anayempenda mwaniaji akiwa kibarazani na asifike kituoni hamfai mwaniaji huyo kwa lolote. Lakini yapo maswali ya kumuuliza kijana wa miaka 19: je, ana kitambulisho, amejisajili, anakijua kituo chake, na siku hiyo atakuwa nyumbani, chuoni au kazini Mombasa? Hayo yangewapa jibu la maana, na pia yangewaonyesha ni wapi chama kinaweza kumsaidia afike.

2. Majina yaliyosomwa.

Mimi nilipigiwa siku mbili baadaye, na kwa kuwa nilipiga kura 2022 nikapita kizingiti. Nilisomewa majina matatu: mbunge aliyepo, aliyeshindwa naye mara iliyopita, na mfanyabiashara mmoja. Mwalimu wa kike ambaye vijana wa wadi zetu wamekuwa wakimfuata mwaka mzima hakuwamo. Nilipomtaja kwa jina, mhojaji alisema, kwa upole tu, kwamba fomu yake inamruhusu kuandika "wengineo". Matokeo yaliposomwa mkutanoni, "Wengineo" walikuwa wa pili, nyuma ya mbunge kwa alama chache. Kwa hiyo mtu wa pili kwa umaarufu katika eneo bunge letu anaitwa Wengineo, na hakuna aliyejisumbua kumtafuta ampe fomu.

3. Idadi ya waliohojiwa, na hesabu ambazo hatukuonyeshwa.

Tuliuliza watu wangapi walihojiwa, wangapi kati yao walikuwa chini ya miaka 35, na maoni yao yalipunguzwa kwa kiasi gani. Tuliambiwa hiyo ni siri ya chama.

Basi tuseme walikuwa 400, idadi ambayo kwa eneo bunge moja si haba. Hapo kiwango cha makosa, yaani jinsi matokeo yanavyoweza kutofautiana na maoni halisi ya watu wote, ni takriban alama 5 za asilimia juu au chini. Tuseme tena kwamba 100 kati yao ndio vijana: kwa kundi hilo kiwango cha makosa hufika takriban alama 10. Zaidi ya hapo, kosa katika pengo baina ya wawaniaji wawili ni kubwa kuliko kosa katika asilimia ya mwaniaji mmoja, kwa sababu alama anayoipoteza mmoja mara nyingi huokotwa na mwenzake. Kwa wahojiwa 400, pengo la alama sita baina ya wa kwanza na wa pili, ikiwa kila mmoja ana karibu theluthi ya maoni, linaweza kuwa bahati tupu. Juu ya msingi huo dhaifu ndipo mmeongeza kipimo chenu wenyewe cha nani atajitokeza. Mtafiti yeyote mwaminifu atakuambia kwamba kipimo hicho ndicho kigumu kuliko vyote, na kwamba kukibadilisha kidogo tu kunatosha kumbadilisha mshindi.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kura nyingi za maoni zilizochapishwa karibu na uchaguzi wa 2022 zilimweka Raila Odinga mbele, kisha tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Sisemi kwamba watafiti walidanganya. Wengi walieleza wazi kwamba idadi ya wasioamua na wasiotaka kusema ilikuwa kubwa. Lakini hao walikuwa wakitabiri tu, na baada ya utabiri wao Wakenya walipiga kura. Uchunguzi wenu umeanza kutumiwa kama kura yenyewe, na baada yake hakuna linalofuata ila cheti cha uteuzi.

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi inamtaka anayechapisha matokeo aeleze ni nani aliyegharimia utafiti, nani aliyeufanya, watu wangapi walihojiwa na kiwango cha makosa ni kipi. Ninyi hamkuchapisha, mlisoma tu mbele ya wanachama katika ukumbi, na kwa hivyo mtaniambia sheria hiyo haiwagusi. Huenda ni kweli. Ni ajabu basi kwamba uchunguzi wa kujazia ukurasa wa gazeti unadaiwa uwazi mwingi kuliko ule unaomtoa mtu katika kinyang'anyiro. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine anapozihitaji ili alinde haki yake, na haki yangu ya kushiriki katika shughuli za chama imeandikwa katika Ibara ya 38.

4. Mchujo wa Aprili 2022, yaani siku ambayo "vijana hawakujitokeza".

Hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa kipimo chenu cha kutojitokeza kwetu mmekitoa katika siku hii.

Nilikuwa na miaka 20, nasoma Mombasa. Nilipanda matatu ya alfajiri kwa nauli niliyokopa, nikafika saa mbili asubuhi katika shule ya msingi niliyosomea mwenyewe. Foleni ilianzia chini ya mwembe na kufika langoni, na kwa kukisia kwangu zaidi ya nusu walikuwa rika langu, wengine wakiwa na mikoba ya chuo mgongoni. Masanduku hayakuwapo. Karatasi hazikuwapo. Saa tano tuliambiwa gari limeharibika Mariakani. Saa saba tuliambiwa limepita. Vifaa viliingia saa nane na dakika arobaini mchana, na kukawa na meza moja ambapo tulikuwa tumetangaziwa tatu.

Wenye basi la jioni walianza kuondoka saa tisa. Waendesha bodaboda, ambao kila saa ya foleni kwao ni chakula cha watoto, walikuwa wameondoka zamani. Mimi nilibaki mpaka nikaifikia meza, na karani akapitisha rula juu ya sajili iliyochapwa, mstari kwa mstari, mara mbili, kisha akaniambia jina langu halimo. Nilimwonyesha ujumbe wa simu ambao chama kilinitumia kuthibitisha uanachama wangu. Akasema hana maagizo kuhusu simu. Mzee aliyekuwa mbele yangu naye hakuwamo, lakini aliruhusiwa kwa sababu wakala mmoja alimjua.

Nilikuwapo. Nilijitokeza. Sikupiga.

Agosti ya mwaka huohuo nilirudi katika shule ileile, darasa lilelile. Karani wa IEBC aliniwekea kidole kwenye mashine, picha yangu ikatokea, na nikamaliza kabla ya saa moja kupita. Miguu yangu ilikuwa ileile na nia yangu ileile. Kilichobadilika ni aliyeandaa meza. Ndipo niliposikia ripoti ya chama ikisomwa kwamba mwamko wa vijana katika mchujo ulikuwa hafifu, nikaelewa kwamba foleni ile yote chini ya mwembe haikuandikwa mahali popote. Mtu aliyerudishwa mlangoni haachi alama katika sajili yoyote, na miaka minne baadaye mtaalamu anayekaa Nairobi anamkuta miongoni mwa wasiojitokeza.

5. Sajili ya wanachama.

Kwa ufupi tu. Juni 2021, Wakenya walipoanza kukagua uanachama wao wa vyama kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wengi waligundua wameandikishwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Miongoni mwa 41 waliotia sahihi barua yetu, watatu walijikuta katika hali hiyo na bado wanahangaika kujiondoa. Ikiwa mchujo utafanywa kwa sajili ya wanachama, sajili hiyo ionekane mapema ili anayetaka kuisahihisha apate muda.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua majibu yatakayotolewa, kwa kuwa tumeshayasikia barazani.

Litakuwapo jibu la gharama na vurugu, na mfano utakuwa wa 2017. Ni kweli kwamba chama cha Jubilee kililazimika kufuta mchujo wa tarehe 21 Aprili mwaka ule na kuurudia, na kwamba vyama vingine navyo vilikuwa na misukosuko yao. Lakini tukumbuke kilichoharibika: vifaa vilichelewa na karatasi hazikutosha watu waliofika. Mwenye harusi aliyepikia wageni wachache akafikiwa na wengi hutafuta sufuria kubwa zaidi mara nyingine. Haagizi uchunguzi wa simu kujua nani kati ya wageni ana njaa ya kweli.

Litakuwapo pia jibu la Marekani, ambalo wasomi wa chama wanalipenda sana: kwamba hata huko mwaka 2020 Bernie Sanders, aliyewania tiketi ya urais ya chama cha Democratic, alipendwa na vijana katika kura za maoni na katika mchujo, kisha akakiri mwenyewe kwamba hawakuongezeka vituoni kama alivyotarajia. Sawa, hilo lilitokea, nami silikwepi. Upo ukweli kwamba kijana huwa mwepesi kupenda na mzito kufika. Ila huko majimbo kadhaa humruhusu mwenye miaka 17 kupiga kura ya mchujo ikiwa atatimiza 18 kabla ya uchaguzi wa Novemba, tarehe ya mchujo hujulikana miezi kabla, na hakuna aliyezichukua kura za vijana waliofika akazipunguza kwa sababu ya wale ambao hawakufika. Sanders alishindwa sandukuni, hakushindwa kwenye simu. Mwalimu wetu naye tungependa ashindwe sandukuni, ikiwa ni lazima ashindwe.

La tatu ni kwamba vijana wamejitenga na siasa. Takwimu za IEBC za 2022 zinaweza kutumiwa hapo: kati ya wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa, vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa asilimia 39.84, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 5.27 ikilinganishwa na 2017, ingawa sensa ya 2019 ilionyesha kwamba takriban robo tatu ya Wakenya wana umri wa chini ya miaka 35. Katika zoezi la usajili la Oktoba na Novemba 2021, tume ililenga watu milioni 6 na ikapata takriban milioni 1.5. Takwimu hizo zinaniumiza na sitazitetea. Lakini vijana walewale ndio waliojaa barabarani Juni 2024 mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa, kwa hiyo anayesema hawaijali nchi atafute sababu nyingine. Sababu mojawapo namweleza hapa: katika ngome, kijana anajua kwamba mbunge hupatikana Aprili, na Aprili mlango ulikuwa umefungwa. Ukishafungiwa nje mara moja, hata shauku ya kwenda kujisajili kwa ajili ya Agosti hupungua.

Tunachoomba si kingi. Tunaomba mchujo wa wanachama wote ufanywe katika eneo bunge letu, na uchunguzi wa simu, mkiutaka, ubaki kuwa wa kuwasaidia ninyi kujipanga. Tunaomba pia, ndani ya siku 30, mtoe maelezo ya maandishi kuhusu uchunguzi uliokwisha kufanywa: maswali yote kwa mpangilio wake, majina yaliyosomwa, idadi ya waliohojiwa kwa umri na kwa wadi, waliotolewa kwa swali la 2022 ni wangapi, na maoni ya vijana yalipunguzwa kwa kiasi gani na kwa ushahidi gani. Sajili ya wanachama ibandikwe katika kila wadi angalau miezi mitatu kabla ya mchujo. Siku ya mchujo iwe Jumamosi, itangazwe mapema ili wanafunzi wapange nauli, na kila kituo kiandike katika fomu ya matokeo saa vifaa vilipofika pamoja na idadi ya waliorudishwa bila kupiga kura na sababu yake. Ombi hili la mwisho ni dogo kuliko yote, kwani linahitaji safu mbili za ziada kwenye karatasi, lakini ndilo ninalolishikilia zaidi.

Najua kwamba mnawapunguzia vijana wanaowania ada ya uteuzi kwa nusu, na nashukuru. Mwalimu wetu ataifurahia nusu hiyo siku atakapokuwa na sanduku la kura la kuiendea.

Msiponijibu ndani ya muda huo, sisi tuliotia sahihi tutapeleka malalamiko rasmi kwa kamati ya chama ya kutatua mizozo, na ikibidi katika Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, jinsi sheria inavyotaka. Nakala ya barua ya kwanza, yenye muhuri wa ofisi ya kaunti na namba ya daftari, ninayo nyumbani. Karani akiihitaji ili ajaze pengo katika faili lake, nitampelekea.

Wako katika chama,

Mwanachama na mpiga kura, Kaunti ya Kilifi,
kwa niaba ya vijana 41 waliotia sahihi barua ya kwanza.

Nakala kwa:
Katibu Mkuu wa Chama
Msajili wa Vyama vya Kisiasa
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka
Mratibu wa Eneo Bunge, pamoja na salamu zangu za heshima